Kitabu cha Kielektroniki: Ununue Kipi Ukiwa Kigoma

Kabla ya kulinganisha bei, jiulize: ukishalipa, kitabu kitakaa kwako au kwa muuzaji? Maduka mengi huuza leseni ya kusoma tu, na kufuli ya kidijitali, yaani DRM, ndiyo inayoilinda. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya mwandishi George Orwell kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea, za watu waliokwisha kuvilipia. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu havikufunguka tena.

Chaguo la kwanza, bila kusita, ni EPUB au PDF, aina mbili za faili za kitabu, isiyo na kufuli. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, na kampuni ya uchapishaji ya Tor iliondoa kufuli kwenye vitabu vyake mwaka 2012. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki MB 2, hivyo bando dogo linatosha. PDF iliyoskaniwa inaweza kula makumi. Ukishapakua, hamishia faili kwenye memori kadi, zima data, ifungue kwa simu nyingine. Ikifunguka, utaisoma hata ndani ya treni ya Tabora pasipo na mtandao. Weka nakala nyingine kwenye flashi, maana memori kadi hufa ghafla.

La pili ni faili yenye kufuli ya Adobe, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Utapokea faili ndogo ya .acsm. Hicho si kitabu. Ni kibali cha kukipakua. Weka programu ya kusomea ya Adobe Digital Editions kwenye kompyuta yako, isajili kwa Adobe ID yako, yaani akaunti yako ya Adobe, ndipo ufungue kibali. Ukiruka usajili, kitabu hufungwa kwenye kompyuta hiyo moja, na ikipigwa Windows upya kimepotea. Usifungulie intaneti kafe: ikiwa programu ya pale imesajiliwa kwa jina la mwingine, kitabu chako kitaandikwa kwake, nawe utakataliwa ukijaribu nyumbani.

La mwisho ni Kindle. Tangu tarehe 26 Februari 2025 huwezi kupakua kitabu chenye kufuli ulichonunua kwenye kompyuta ili ukihamishe kwa USB. Nunua huko kile tu utakachosoma mara moja.

Vitabu vya kiada, angalia kwanza maktaba mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania. Kuvisoma ni bure. Na kitabu unachotaka kuazimisha au kukiuza baadaye, nunua cha karatasi, hata kama utalipia kifurushi kutoka Dar es Salaam.