Mashine ya kukausha hewa ya lita 12: uzoefu wangu katika nyumba ya Pwani

Naandika kwa anayeishi karibu na bahari, awe Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ambaye kila masika anatoa viatu vya ngozi kabatini vimeota ukungu. Ninayotumia ni mashine ya kompresa iliyoandikwa "lita 12 kwa siku", wati 220, tangi la lita 2, katika chumba cha kulala cha mita 4 kwa 3.5 huku Kigamboni. Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota hizo ni za chumba kinachofungika. Kwa sebule yenye madirisha ya luva nisingeinunua kabisa.

Kwanza hizo lita 12. Namba ya kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Unyevu ukishashuka hadi 60, mashine ileile hutoa nusu ya hapo au pungufu, maana hewa imebaki na maji machache ya kugeuka matone kwenye koili, yaani mabomba yake ya baridi. Kwangu, chumba kikishatulia, saa 10 za kuwaka zinajaza tangi la lita 2, na hapo mashine inajizima yenyewe. Vile vidogo visivyo na kompresa, vinavyouzwa kwa bei ya chini na picha nzuri, vingi havivuki nusu lita kwa siku. Vinafaa kabati, si chumba.

Kabla ya kununua, piga hesabu ya maji. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba karibu gramu 22 za maji kwa kila mita ya ujazo. Chumba changu kina mita za ujazo 39, kwa hiyo hewa yake yote ina gramu 850 hivi, na kuishusha hadi asilimia 55 ni kuondoa kama robo lita tu. Basi zile lita 2 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye godoro, nguo, mbao na plasta, vitu vilivyokunywa unyevu kwa miezi. Zinatoka kwa watu pia: wawili wakilala saa 8 hutoa zaidi ya nusu lita kwa pumzi na jasho. Kubwa kuliko yote ni mianya. Matundu ya hewa juu ya dirisha, uwazi chini ya mlango, luva zisizokutana: ukiviacha wazi, unateka bahari kwa kijiko. Mimi nimeziba kwa utepe wa sponji kwenye fremu, ubao mwembamba unaoweza kutolewa kwenye matundu, na mpira chini ya mlango.

Lakini usilale ndani ya chumba kilichozibwa hivyo. Hewa inachoka, mnaamka na vichwa vizito. Utaratibu wangu ni huu: mchana chumba kikiwa kitupu nafunga kila kitu, nafungua milango ya kabati na droo, nainua godoro liegemee ukuta, kisha nawasha. Jioni nafunga kabati kwanza, ndipo nafungua madirisha. Vilivyokauka vinabaki vikavu ndani ya kabati, na sisi tunapata hewa safi.

Nyota moja imeondolewa na joto. Mashine hii haitoi hewa moto nje kama AC. Umeme wote inaokula unabaki chumbani, na kila lita ya maji inayotolewa hewani inaachia joto la karibu uniti 0.7 juu ya hapo. Chumba kinapanda nyuzi 2 au 3. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuiwasha mchana mkiwa hampo.

Umeme: wati 220 kwa saa 10 ni uniti 2.2, sawa na 66 kwa mwezi. Kwa wateja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, walio kwenye tarifa ya D1, ile nafuu ya watumiaji wadogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, mashine peke yake inakaribia kuwatoa huko. Nje ya masika nawasha siku chache kwa wiki, nikifuata kipima unyevu.

Hicho kipima unyevu nunua kando, usiamini kioo cha mashine. Kijaribu hivi: weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi isielee, ifungie pamoja na kipima kwenye chombo kisichopitisha hewa kwa saa 12 hadi 24. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, kumbuka kuongeza 5 kila unaposoma. Ukishajua ukweli wake, lenga 55 hadi 60. Chini ya hapo, kwa Pwani, ni kuchoma umeme.

Ikifika kutoka dukani, iache imesimama wima saa kadhaa ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Iweke sentimita 30 kutoka ukutani na uipitishe kwenye frijigadi, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi papo hapo kompresa inaumia. Ukitumia mpira wa kutolea maji, uteremke njia nzima. Ukipinda kwenda juu hata kidogo, maji yanarudi tangini na mashine inazima.

Kinachoharibika mapema ni kielea cha tangi. Utelezi unakigandisha, na mashine inadai tangi limejaa wakati ni tupu. Sugua tangi na kielea kila wiki kwa siki. Chujio lioshe kila wiki mbili. Ukiona barafu kwenye koili katika joto letu hili, chujio limeziba au gesi imepungua. Soma kibandiko cha nyuma: mashine nyingi mpya zina gesi ya R290, ambayo ni propani na inashika moto, kwa hiyo fundi asichomelee mpaka aitoe yote. Na maji ya tangini ni ya kudekia au chooni, si ya kunywa wala ya betri.

Mashine haitibu ukuta unaonyonya maji kutoka msingi. Kujua kama ni huo, bandika ukutani nailoni ya sentimita 50 kwa 50, gamu pande zote, uiache siku mbili. Maji yakiwa nyuma yake, tatizo ni ukuta, tafuta fundi ujenzi. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa.

Haisafishi moshi wa takataka pia. Chujio lake ni la kunasa nyuzi za nguo na vumbi kubwa tu. Wala haiondoi hewa ya sumu ya jiko la mkaa, hiyo dawa yake ni kupika nje. Jikoni, feni ya kutoa hewa ina faida kuliko mashine hii: kilo moja ya gesi ikiungua hutoa maji zaidi ya kilo moja na nusu, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ukiisha, lita 9 zimeingia hewani mwako.