Nta ya soya kwa mishumaa ya kunukia: uzoefu wangu hapa Dar

Mishumaa ya kunukia ya madukani imepanda bei mno, na mingi inanukia vizuri ikiwa dukani tu; ukiiwasha nyumbani, kimya. Ndiyo maana nikaagiza nta ya soya kwa muuzaji wa mtandaoni, pamoja na tambi za pamba zenye kikalio cha bati.

Nta yenyewe sina neno nayo. Inakuja vipande vidogo vyeupe kama nazi iliyokunwa. Naiyeyusha kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, na siondoki jikoni mpaka nimalize. Ikimwagika mezani, maji ya moto na sabuni yanatosha. Parafini, ile inayotokana na petroli, ungekuwa unaikwangua kwa kisu.

Kwenye harufu ndipo pana kazi. Mimi natumia mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka Pemba, nachanganya na ya mchaichai kidogo. Kwa gramu 200 za nta naweka gramu 14 za mafuta, yaani asilimia 7. Pimeni kwa mizani jamani, si kwa kijiko: mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, ya mchaichai ni mepesi, kwa hiyo kijiko kimoja hakilingani na kingine. Nayatia nta ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 85, nakoroga polepole dakika mbili hivi, kisha naiacha ipoe hadi karibu nyuzi 60 ndiyo namimina kwenye glasi. Usipokoroga vya kutosha, mafuta yanajikusanya chini.

Halafu subiri. Wiki moja ni kidogo, mbili ndiyo sawa. Ukiuwasha kesho yake utadhani umeuziwa nta mbovu, kumbe harufu bado haijakolea. Baada ya wiki mbili karafuu inatoka sebuleni inafika hadi ukumbini, wala haiumizi kichwa. Kwa hilo peke yake ningenunua tena.

Lawama yangu ni kwa tambi. Glasi zangu zina kipenyo cha sentimita 8, na vipimo nilimtumia muuzaji kabla hajafunga mzigo. Akaniletea tambi nyembamba. Moto ukachimba shimo katikati, nta ya pembeni ikabaki nzima, nusu ya mshumaa imepotea bure. Nilipomuuliza akasema utambi ni utambi tu. Si kweli hata kidogo! Utambi unafuata upana wa glasi, na mafuta mazito kama ya karafuu yanataka utambi mnene zaidi. Nilipata za saizi sahihi kwingine, na sasa nta inayeyuka hadi ukingoni ndani ya saa tatu hivi. Huo mwasho wa kwanza usiuzime kabla haijafika ukingoni, na kila kabla ya kuwasha kata utambi ubaki nusu sentimita, la sivyo glasi itajaa masizi.

Jingine ni joto letu. Nta hii huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 50, kwa hiyo usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, na ukimtumia mteja kwa bodaboda, mtumie asubuhi. Wakati mwingine juu hutoka matone ya mafuta. Nayafuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kuwasha. Yale mabaka meupe yanayojitokeza kwenye glasi ni tabia ya soya, harufu haipungui.

Nta: nyota tano. Tambi za muuzaji huyu: moja. Ukiagiza, chukua nta peke yake, na kapime kipenyo cha glasi yako kabla ya kutafuta tambi.