Kadi Gani Ikae Wapi: Porti za Framework Laptop 13

Karibuni wadau. Mezani leo kuna Framework Laptop 13, ile laptopu ya kufungua na kubadilisha vipande mwenyewe. Kioo sigusi, spidi sigusi. Nazungumzia hizi kadi za ubavuni tu, maana hapa ndipo watu wanapotupa hela. Mtu ananunua kadi saba, anazipachika popote, halafu analalamika kwamba kadi ya HDMI imekufa. Kadi ni nzima, ila iko kwenye nafasi isiyotoa picha.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ubavuni kuna nafasi nne, mbili kushoto na mbili kulia. Ndani ya kila nafasi kuna porti ya USB-C iliyoungwa kwenye ubao mama. Kadi yenyewe ni kijisanduku cha kama sentimita tatu kwa tatu: huku ndani ina kichwa cha USB-C, huku nje ina tundu unalolitaka wewe. Liwe USB-A (lile pana la flashi), HDMI au DisplayPort (ya kuunga skrini), memori kadi, Ethernet (waya wa mtandao), au USB-C tena. Kampuni imekuwa ikitumia umbo hilihili tangu laptopu ya kwanza ya mwaka 2021, kwa hiyo kadi ya zamani inaingia kwenye mashine mpya.

Kuitoa, angalieni mkono wangu. Nageuza laptopu chini juu, nabonyeza kitufe hiki kilicho jirani na kadi, na kwa kidole kingine naivuta kadi kwenda nje. Mashine ikiwa mpya kadi hubana sana. Usichokonoe na bisibisi, utachubua alumini bure. Bonyeza kitufe mpaka mwisho, kisha vuta taratibu ukiwa umenyoosha. Kurudisha, sukuma moja kwa moja mpaka isikike tiki na ukingo wa kadi ulingane na ubavu. Ikibaki imechomoza hata kidogo haijakaa, na hapo ndipo utaona chaji inaingia na kukatika. Kuzima mashine si lazima. Isipokuwa kadi ya kuhifadhia data: hiyo uiondoe kwanza kwenye mfumo kama unavyofanya kwa flashi.

Sasa tuje kwenye kiini. Swali la kwanza ni prosesa yako. Ukiwa na toleo la Intel, kizazi cha 11, cha 12, cha 13 au Core Ultra Series 1, nafasi zote nne zina uwezo sawa: zinachaji, zinatoa picha, zinapitisha data kwa kasi. Panga utakavyo.

Ukiwa na AMD Ryzen 7040, hapana. Kaa mbele ya laptopu kama unayetaka kuandika. Upande wa kioo tuuite nyuma, upande wa tumbo lako tuuite mbele. Nyuma kushoto na nyuma kulia ni USB4, ndizo zenye nguvu zote: picha, data kasi, chaji. Mbele kulia ni USB 3.2, na picha inatoa. Mbele kushoto ni USB 3.2 pia, ila picha haitoi kabisa. Kuchaji, zote nne zinachaji.

Hiyo ya mbele kushoto ndiyo inayowachanganya watu. Kadi ya HDMI haitengenezi picha yenyewe. Inapokea mawimbi ya DisplayPort yanayopita ndani ya USB-C, inayageuza kuwa HDMI. Pale mbele kushoto hayo mawimbi hayajaunganishwa, basi kadi haina cha kugeuza. Na usidhani utaikwepa kwa kuweka kadi ya USB-C halafu ukachomeka adapta ya HDMI ya dukani. Matokeo ni yaleyale, kwa sababu kadi ya USB-C ni kama waya wa kurefushia tu. Haiongezi kitu, inapitisha kile ambacho nafasi inacho. Kwa hiyo ukiona skrini ya nje haiamki, kabla ya kubadilisha kebo, hamisha kadi nyuma. Ikiwaka, umeshapata jibu.

Lingine linahusu betri. Kadi ya USB-A ndani yake ina rezista inayoiambia laptopu muda wote kwamba kuna kifaa kimechomekwa, hata kama tundu ni tupu. Ukiiweka nyuma, kwenye USB4 ya hiyo AMD, saketi za ile porti hazipati nafasi ya kupumzika, na mashine inakula umeme zaidi bila sababu. Framework wenyewe wanaonya hivyo kwenye maelezo yao. Iweke mbele.

Basi mpangilio wa AMD unajipanga wenyewe: USB-C nyuma kushoto, USB-C nyuma kulia, HDMI mbele kulia, USB-A mbele kushoto. Ile nafasi isiyotoa picha inapata kadi isiyohitaji picha. Halafu unachaji upande wowote ulio karibu na soketi, jambo ambalo utalishukuru kwenye chumba cha hoteli chenye soketi moja nyuma ya kitanda.

Kuna watakaosema USB-C mbili ni uroho. Mimi nasema moja ni lazima na ya pili ni busara, na sababu ni uchakavu. Kwenye laptopu za kawaida tundu la chaji likilegea unampelekea fundi, anafungua mashine nzima na kushika chuma cha kulehemu. Hapa inayochomekwa na kuchomolewa waya kila siku ni kadi. Mtu akijikwaa kwenye waya, kadi ndiyo ya kwanza kuumia, na ya USB-C ilitoka ikiuzwa dola 9. Kwa sababu hiyohiyo sipendi ule mtindo wa kuacha nafasi wazi na kuchomeka chaja moja kwa moja kule ndani. Kichwa chembamba cha kebo kinaingia, ni kweli, lakini kikipindishwa kinachoumia ni porti ya ubao mama.

HDMI bado inahitajika huku kwetu. Madarasa, kumbi za mikutano, makanisa, projekta ni HDMI, na nyingine bado ni VGA. Kadi rasmi ya VGA hakuna. Chukua adapta ndogo ya HDMI kwenda VGA, iwe ile yenye chipu ndani. Waya mtupu usio na chipu, ule unaouzwa bei ya karanga, haufanyi kazi, kwa sababu HDMI ni dijitali na VGA ni analogi. Ila kadi ya HDMI nayo ina chipu inayokula umeme hata ukiwa hujaunga kitu, na zile za mwanzo zilikuwa mbaya zaidi mashine ikiwa imelala. Kama unatumia projekta mara moja kwa mwezi, itoe, iweke kwenye begi, nafasi yake ipe USB-A ya pili. Kadi ya USB-C tupu haina tabia hiyo.

Kadi ya kuhifadhia data inaunganishwa kwa gigabiti 10 kwa sekunde, kwa hiyo haihitaji nafasi ya USB4, mbele inatosha. Kinachonivutia hapa ni kuweka Linux juu yake. Unawasha mashine huku ukibonyeza F12, unaichagua kwenye orodha, na Windows iliyo kwenye diski ya ndani huigusi. Kinyume chake ni kigumu: kisakinishi cha kawaida cha Windows hukataa kujiweka kwenye diski ya USB. Na ukiiandikia mafaili makubwa mfululizo inapata moto, kasi inashuka. Kwa nakala za akiba ni sawa, kwa kuhariri video ndefu moja kwa moja juu yake, hapana.

Ethernet inafika gigabiti 2.5, lakini tundu lake ni kubwa kuliko unene wa laptopu, kwa hiyo kadi imechomoza nje, hivi mnavyoiona. Usiingize laptopu kwenye begi ikiwa nayo. Ni kadi ya fundi wa mitandao. MicroSD ni ya mwenye droni au kamera. Kadi ya sauti kwenye hii 13 hauihitaji, tundu la hedifoni limo tayari. Ni Laptop 16, yenye nafasi sita, ndiyo haina tundu hilo. Na huko kwenye 16 nafasi nazo hazilingani, soma mchoro wa mtengenezaji kabla ya kuagiza.

Kadi hizi zinakubali pia nje ya Framework. Hii ya USB-A naichomeka kwenye simu, naunga flashi, mafaili hayo.

Mwisho, kuagiza. Framework huuza kwa nchi zilizo kwenye orodha yao tu, angalia kwanza kabla hujalipa. Ukimtuma ndugu aliyeko Uingereza, plagi ya chaja ni ileile ya pini tatu bapa tunayotumia Kenya na Tanzania. Akiwa Marekani, mwambie aache chaja, anunue laptopu na kadi. Chaja yoyote nzuri ya USB-C PD (mfumo wa kuchajia vifaa vikubwa kwa USB-C) ya wati 60 kwenda juu utaipata hukuhuku, na Laptop 13 itaikubali.