ReaVerbate: riverbu iliyomo ndani ya REAPER, nimeitumia kumiksi wimbo niliorekodi chumbani

Chumba changu kiko Mabatini, Mwanza, juu kwenye mawe, na paa ni bati. Mvua ikinyesha hakuna kurekodi. Wimbo huu niliuimba saa nane usiku, blanketi mbili nimezitundika nyuma ya maiki, sauti ikatoka kavu kabisa. Ilihitaji riverbu, ule mwangwi wa kuongezwa ili isikike kama uko ukumbini.

Sikununua kitu. Natumia REAPER, programu ya kompyuta ya kurekodi na kumiksi: unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na ReaVerbate imo humo tayari. Haina mapambo, ni vitelezi vichache tu.

Mara ya kwanza niliibandika juu ya vokali, yaani sauti yangu ya kuimba, nikaiweka chumba kikubwa, nikaipandisha mpaka nikajiona niko kanisa kuu. Kwenye hedifoni ilinipendeza mno. Nikamtumia mwalimu wetu wa kwaya. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, umeimba vizuri, ila uko ndani ya simtanki tupu. Beti ya pili sijashika neno hata moja." Iliniuma. Nilitaka kumwambia spika ya simu yake ndiyo mbovu, nikanyamaza. Kesho yake nikamsikilizisha mama, anauza dagaa Kirumba, bila kumdokezea chochote. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Hapo unasema 'nivushe' au 'nifiche'?"

Basi, nikaanza upya. Riverbu nikaipa treki yake peke yake, humo sauti kavu nikaizima, vokali nikawa naipeleka huko kidogo kidogo. Ucheleweshaji wa mwanzo nikaweka milisekunde 40: neno linatoka kwanza, mwangwi unalifuata. Kilichonifanya niipende ReaVerbate ni vichujio vyake, maana vimo mlemle. Nilikata chini ya hezi 400, mvumo mzito ukaondoka. Nikakata na juu ya hezi 6,000 ili "s" na "sh" zisitawanyike, na wimbo wangu umejaa hizo. Kisha riverbu nikaishusha mpaka nisiisikie, nikapandisha kidogo tu. Ukiizima ndipo unagundua ilikuwepo.

Nikapima kwenye simu, halafu kwenye daladala ya Nyegezi, dereva alikubali kuupiga. Injini inameza nusu ya muziki, lakini "nivushe" ilifika hadi siti ya nyuma.

Ukitaka mwangwi mrefu unaoelea, ipo riverbu nyingine, Valhalla Supermassive, nayo ni ya bure. Kwa sauti ya mtu anayetaka aeleweke, ReaVerbate inatosha, naipa nne kwa tano. Ila ukimpa mtu wimbo asikilize, usimuulize ameuonaje, atakwambia mzuri. Mwambie akutajie maneno ya beti ya pili. Mama ameyataja yote.

Mwalimu naye amepitisha vokali. Sasa anasema besi imezidi, nitaishughulikia usiku huu kama bati halitapigwa na mvua.