Melaka, Malaysia: nenda ukalale, usiende ukarudi siku hiyohiyo

Wengi wanaofika Kuala Lumpur huambiwa kwamba Melaka ni safari ya kwenda na kurudi. Nami niliambiwa hivyo, na nafurahi sikufuata. Nilifika Jumapili alasiri mwezi wa Januari, nikaondoka Jumatano asubuhi, na siku ya nne ningekuwa nayo ningeitumia hapohapo.

Kufika ni rahisi. Basi linatoka kituo kikubwa cha kusini mwa Kuala Lumpur ambacho kila mtu hukiita TBS, na kwa muda wa saa mbili hivi unashuka Melaka Sentral. Kituo hicho kiko mbali kidogo na mji wa kale, kwa hiyo panda basi la mjini au ita gari kwa programu ya simu ya Grab. Kabla hujasafiri jaza ile kadi ya kuwasili ya mtandaoni, ndani ya siku tatu kabla ya kutua Malaysia. Haina malipo, tovuti ikikudai pesa ujue si yenyewe.

Usiku wa kwanza niliingia soko la usiku la Jonker Street, linalofunguliwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Watu walijaa hata hatua hainyanyuki. Wanaokwenda na kurudi siku moja ya wikendi huona umati huo, wakapiga picha mbele ya majengo mekundu, wakasema wameimaliza Melaka.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi uwanja ule mwekundu ulikuwa na mimi, mfagiaji na njiwa. Hapo ndipo nilipoanza kuuona mji. Wadachi waliutwaa kwa Wareno mwaka 1641, na majengo mawili makubwa ya uwanjani ni yao: Stadthuys, iliyokuwa makao ya gavana wao, na kanisa lenye mwaka 1753 ukutani. Nikazunguka kando ya kanisa nikaona kibao cha barabara: Jalan Gereja. Kwa Kimalei jalan ni njia na gereja ni kanisa, na neno hilo wamelipata kwa Wareno, kutoka igreja. Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mombasa, nimekua ukuta wa Fort Jesus, ngome ya Wareno, ukiwa mbele ya macho, na wataalamu wa lugha husema gereza letu limetoka kwenye igreja hiyohiyo. Kwao neno likabaki nyumba ya ibada, kwetu likawa jela. Nilisimama chini ya kibao kile kwa muda mrefu. Baadaye nikaanza kuyaokota mengine: wao husema meja na sisi meza, wao bendera na sisi bendera, yote ya Wareno. Tena ukiongeza yale ya Kiarabu, sabun, waktu, dunia, na salamu yao ya "apa khabar", utajikuta unaelewa vibao vingi kuliko ulivyotarajia.

Nyuma ya uwanja unapanda kilima cha St Paul, kwenye magofu ya kanisa ambalo Wareno walilianza mwaka 1521. Mwili wa mmisionari Mkatoliki Francis Xavier ulizikwa hapo kwa muda mwaka 1553 kabla ya kupelekwa Goa, India. Ukishuka upande wa pili unafika Porta de Santiago, lango lililobaki la ngome ya A Famosa. Jemadari wa Wareno, Afonso de Albuquerque, aliuteka mji mwaka 1511 na ngome ikajengwa mara moja. Juu ya lango, hata hivyo, utasoma "ANNO 1670" pamoja na nembo ya kampuni ya biashara ya Wadachi, kwa sababu walilikarabati wakaweka alama yao. Waingereza ndio walioibomoa ngome kuanzia 1807. Niliuwekea ukuta ule kiganja. Ni jiwe jekundu lenye vitundu, si matumbawe yetu, lakini unene wake na lile giza la chini ya tao nayajua tangu utotoni. Fort Jesus yetu imesimama nzima. Ya wenzetu imebaki mlango tu.

Wapwani wenzangu nawaomba wafike na jambo hili moyoni. Tomé Pires, Mreno aliyekaa Melaka kati ya 1512 na 1515, alipoandika orodha ya wafanyabiashara wa bandari ile aliwataja watu wa Kilwa na wa Malindi. Alisema pia kwamba mara nyingi lugha 84 zilisikika hapo. Melaka iko pale pepo za msimu zinapokutana: vyombo vya magharibi vilifika na upepo wa kusi, mabaharia wakapanga nyumba, wakauza, wakanunua, wakasubiri upepo ugeuke. Mtu wa Kilwa aliyekaa hapo miezi akingoja alisali wapi, alikula kwa nani? Nilitembea siku tatu na swali hilo, nikikumbuka kwamba Wareno walikuwa wameichoma Mombasa mwaka 1505, miaka sita tu kabla ya kufika huku.

Alasiri niliswali msikiti wa Kampung Kling, ulioanzishwa mwaka 1748. Hauna kuba. Paa lake lina ngazi tatu, na mnara umesimama peke yake kama pagoda ya Wachina. Uani kuna birika, birika hasa kama ya misikiti yetu ya zamani, na unakaa ukingoni kuchota maji. Maji yalikuwa ya baridi na chini yake vigae vinaonekana. Mzee aliyekaa karibu yangu aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia, "Kenya, pak cik," yaani mjomba, akaniwekea mkono begani na kunisogezea nafasi. Hatua chache tu kutoka hapo kuna hekalu la Wahindu na hekalu la Wachina la Cheng Hoon Teng, na moshi wa udi unavuka barabara.

Kula asam pedas. Ni samaki kwenye mchuzi wa ukwaju na pilipili, wenye uchachu unaokutoa jasho la kipaji. Cendol nayo ni bakuli la barafu iliyosagwa, tui la nazi, tambi fupi za kijani na gula melaka, sukari ya mnazi nyeusi yenye harufu ya moshi kwa mbali. Nilikula kila siku bila kukosa. Wali wa madonge kwa kuku ni maarufu, lakini migahawa mingi ya Jonker inayouuza si ya halali, kwa hiyo tafuta alama mlangoni au uliza kwanza.

Yaliyoniudhi ni mawili. Nyumba ya wageni niliyoilipia kwa picha nzuri za ua ilinipa chumba kisicho na dirisha, na uvundo umeingia hadi kwenye mito. Niliomba kubadilishiwa nikaambiwa kumejaa. Andika kabla hujalipa: nataka dirisha. La pili ni zile beca, baiskeli za magurudumu matatu zenye midoli, taa na muziki wa kupasua sikio. Tulipatana bei, tulipofika akadai nyongeza. Wenye watoto watafurahi, mimi sikurudia. Ujue pia kwamba makumbusho na maduka kadhaa hufungwa Jumatatu au Jumanne, angalia kabla ya kutoka.

Jambo lililonihuzunisha zaidi ni bahari. Zamani mawimbi yalifika karibu na lango la ngome. Pwani imejazwa udongo, na leo ukisimama langoni unaona maduka makubwa na magari. Bandari bila bahari! Kwa hiyo jioni ya mwisho nilikwenda Pulau Melaka, kisiwa cha kujazwa, kwenye msikiti wa Selat uliofunguliwa mwaka 2006 juu ya nguzo. Nenda maji yakijaa, ndipo unapoonekana kama unaelea. Nilifika yakiwa yameanza kupanda. Yalipiga nguzo taratibu chini ya miguu yetu, adhana ya magharibi ikatoka, na kule mbali kwenye mlango wa bahari meli zilikuwa zimewasha taa, zikielekea upande wa kwetu.