Chungu cha Wakisi: cha dukani Dar na nilichokifuata Lyulilo

Chungu changu cha kwanza cha Wakisi, watu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, nilikinunua Dar es Salaam, kwenye duka la sanaa lenye kiyoyozi, shilingi 35,000. Kilidumu siku nne. Nilibandika maharage kwenye jiko la gesi, nikafungulia moto wote, nikaenda kuoga. Kurudi, nakuta mchuzi umetapakaa jikoni na chungu kina ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni. Nilipokirudisha dukani nikaambiwa, "Dada, hivyo ni vya mapambo." Kumbe! Siku ya kupokea hela hawakulisema hilo, na karatasi iliyobandikwa chini iliandikwa "Mbeya" tu, utadhani Mbeya nzima inafinyanga.

Baadaye nikapata harusi Tukuyu, na Jumamosi yake nikashuka hadi Matema. Gulio la Lyulilo liko pale jirani, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Vyungu vinaletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya ziwa na Milima ya Livingstone. Wafinyanzi ni akina mama. Wanafinyanga kwa mkono na kuchoma nje, bila tanuri, ndiyo maana utakuta chungu kina baka jeusi ubavuni. Mimi nayapenda hayo mabaka.

Mama niliyenunua kwake nilimkuta anakula usipa, dagaa wa ziwa hilo, kwenye kipande cha chungu kilichovunjika. Ile methali ya mfinyanzi kulia gaeni nilidhani ni ya vitabuni tu. Nikamwamkia, akaitikia, akanawa mikono. "Gonga, mwanangu," akaniambia. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, chungu kikalia ngooo, mlio mrefu kama kengele. Cha pili kikatoa sauti butu. Akakichukua mwenyewe, akakiweka nyuma yake. "Hicho kina ugonjwa."

Nikamsimulia yaliyonipata Dar. Akacheka mpaka akashika kiuno. Chungu kipya, akasema, hakianzi na maharage. Unakipikia kwanza uji mwepesi, unauacha humo ulale hadi asubuhi, ule unga unaziba vitundu vya udongo. Moto unaanza mdogo, na chungu cha moto hakitiwi maji baridi. Maelezo ya dakika mbili hivi, na duka lenye kiyoyozi halikuwa nayo. Nililipa 8,000 ya chungu na 10,000 ya mtungi mdogo.

Kufungasha ni juu yako. Nilinunua tenga na nyasi kavu papo hapo, na bado kifuniko kilivunjika kwenye kona za Tukuyu. Konda naye alitaka nauli ya tenga kama vile ni abiria.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu nikinunue. Chungu kinapika kwenye mkaa karibu kila wiki, na kunde za nazi zilizotoka humo sizirudishi tena kwenye sufuria. Kwenye gesi nakiwekea kipande cha bati chini, moto mdogo. Mtungi unatoa jasho mchana kutwa na maji yake ni baridi hata umeme ukikatika, ila weka sahani chini, la sivyo sakafu italowa. Kosa langu moja ni kuosha chungu kwa sabuni. Udongo uliinywa, na samaki wa siku ile walinuka sabuni. Siku hizi ni maji ya moto na kisugulio cha makumbi, basi.

Vyungu navipa nyota tano, usafiri mbili. Nikirudi nitabeba tenga langu mwenyewe, na nitawahi asubuhi. Siku ile, kufika saa sita, mitungi yote mikubwa ilikuwa imeshapakiwa kwenye Fuso la mchuuzi mmoja, na sidhani kama aligonga hata mmoja.