Kioo cha upepo kwenye Boxer 150: kelele ilipungua kilipokatwa, si kilipofungwa

Nianze na matokeo, kwa anayetaka tu kujua kama anunue. Bidhaa yenyewe ni kioo cha polikabonati, unene milimita 3, kimo sentimita 45, upana sentimita 40, chenye mikono miwili ya chuma inayobana usukani wa milimita 22. Hakina jina la kiwanda. Ni vile ambavyo wauza spea wa Kampala watakuambia vinaingia pikipiki zote. Nililipa shilingi 160,000 pamoja na mikono yake. Kilivyotoka kwenye karatasi nakipa nyota 2 kati ya 5: kifua kilipumzika, masikio yakateseka kuliko siku za kwenda bila kioo. Baada ya kukilaza, kukiachia nafasi chini na kukikata sentimita 9, nyota 4. Vipimo vyote nimevifanya kwa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Masaka, helmeti ya kufunika uso mzima, mwendeshaji wa kimo cha sentimita 174 aliyekaa wima. Ukiwa mfupi au mrefu kuliko hapo, namba zangu zitakusaidia kidogo, lakini njia ya kuzipata ni ileile.

Watu hununua kioo wakiamini kelele ni upepo unaogonga helmeti, kwa hiyo ukizuia upepo umemaliza kazi. Upepo ulionyooka una kelele, ndiyo, ila ni mvumo wa aina moja ambao helmeti nzuri huupunguza. Kinachochosha ni hewa iliyoraruka. Juu ya ukingo wa kioo hewa inapita kwa mwendo wa 80, nyuma ya kioo hewa imetulia. Zinapokutana hujiviringisha, kama maji ya mto yanavyojisokota nyuma ya nguzo ya daraja. Viviringo hivyo vikiangukia kwenye helmeti unasikia ngurumo ya ndani, bu-bu-bu, na kichwa kinatikiswa hadi maandishi ya mabango yanacheza machoni. Kwa hiyo swali la maana kabla ya kutoa pesa ni hili: hewa inayotoka kwenye ukingo wa kioo itaangukia wapi mwilini mwangu?

Jibu lake halihitaji fundi. Funga kioo, tafuta barabara nyoofu isiyo na magari, fika 60 au 70. Inuka kidogo kwenye vikanyagio, kichwa kipande kama sentimita 10. Sikiliza. Kisha kaa, inama mpaka pua iwe usawa wa ukingo wa kioo. Sikiliza tena. Kwangu kelele ilikatika pande zote mbili: nikiinuka, helmeti ilitoka kwenye msukosuko ikaingia hewa safi, nikiinama, ilizama kwenye kivuli cha kioo. Maana yake kioo kilikuwa na kimo kibaya kuliko vyote, ukingo ukirusha hewa yake moja kwa moja kwenye paji la helmeti. Ukitaka kuona mpaka wenyewe, nyoosha mkono wa kushoto juu ya kioo, kiganja kikiwa bapa, uushushe polepole. Kuna mahali upepo unabadilika ghafla kutoka mkali kuwa mtulivu. Mstari huo ukiufuata hadi kichwani utajua unapokuangukia.

Basi una njia mbili: kupandisha kioo mpaka hewa ipite juu ya helmeti, au kukishusha mpaka msukosuko uishie mabegani na kichwa kibaki kwenye upepo safi. Dukani watakushauri kupandisha, maana kioo kirefu ni ghali zaidi. Mimi nasema shusha. Kioo cha kupitisha hewa juu ya kichwa kinakulazimisha kuangalia barabara kupitia plastiki. Mchana wa jua hakuna tatizo. Jioni, mvua ikinyesha na malori yanakuja na taa kali, plastiki yenye mikwaruzo ya vumbi la marramu (udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami) inawaka yote kuwa ukungu mweupe, na hakuna waipa ya kuifuta. Ukingo wa kioo uwe chini ya mstari wa macho, ili barabara iliyo mita 15 mbele uione juu ya kioo na si ndani yake.

Kabla ya kukata, kuna marekebisho mawili ya bure.

La kwanza ni mlazo. Mikono ilikuja imesimamisha kioo karibu wima. Kioo kilichosimama wima kinarusha hewa juu kwa ukali na kuacha nyuma yake ombwe kubwa, na ombwe hilo linavuta hewa irudi chini, kwenye shingo na kifua. Ndiyo sababu nyuma ya kioo kirefu mtu anahisi kama anasukumwa mgongoni kuelekea usukani, na mvua inamlowesha tumbo ingawa ana ngao mbele. Nilikilaza hadi karibu digrii 45. Mtikisiko wa kichwa ulipungua papo hapo, labda nusu, ingawa ngurumo ilibaki.

La pili ni nafasi ya chini, na hapa wengi wanajikosesha. Watu huteremsha kioo mpaka kikae juu ya taa, wengine hata huziba upenyo kwa mpira wa tyubu ili pasipite kitu. Acha wazi. Upenyo wa sentimita 3 kati ya taa na ukingo wa chini unaingiza hewa nyuma ya kioo na kulijaza lile ombwe. Utahisi upepo mwembamba tumboni, na kwa joto letu si jambo la kulalamikia. Nilijaribu sentimita 1, 3 na 6. Moja haikubadilisha kitu. Sita ilileta upepo wa kifuani mwingi mno, na wadudu. Tatu ndiyo imebaki.

Baada ya hayo mawili, bado ukingo ulikuwa juu mno, na mikono haikuweza kushuka zaidi bila kugonga swichi za taa. Hapo ndipo msumeno uliingia. Usianze kukata kwa kukisia: bandika kwanza tepu nyeupe ya wapaka rangi kwenye kioo, chora mstari, halafu kata kipande cha boksi chenye umbo la kioo kilichofupishwa, ukifunge mahali pa kioo kwa waya na uende nacho mwendo wa 40 tu. Kinakuonyesha kama mstari wa macho unakaa sawa. Polikabonati inakatika kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, 24 au 32 kwa inchi. Bandika tepu pande zote mbili, laza msumeno, nenda taratibu; ukikimbia plastiki inayeyuka na kushika meno. Kama kioo chako ni akriliki (dalili: pembeni kinang'aa kama glasi, ukikigonga kwa ukucha kina mlio mkavu) punguza mwendo maradufu na ubane vizuri kwenye mbao, kwa sababu akriliki inapasuka. Ukingo upigwe msasa namba 120, kisha 240, kisha 400 mpaka uwe mviringo. Niliupitisha ukingo mkavu bila msasa kwa siku moja ili kupima, na ulipiga mluzi mwembamba kuanzia 65. Msasa uliumaliza.

Usikubali fundi akuambie atakunja ukingo kwa moto ili urushe hewa juu. Polikabonati hunyonya unyevu wa hewa, na ikipashwa moto bila kukaushwa kwanza kwa saa nyingi inajaa mapovu.

Kuhusu bolti, mikono ilikuja na bolti nne za M6 zilizogusa plastiki moja kwa moja. Hilo ndilo kosa kubwa la bidhaa hii. Plastiki hutanuka juani kuliko chuma, na tundu lililobana halina pa kwenda, kwa hiyo ufa unaanzia hapo. Nilipanua matundu hadi milimita 8 kwa keekee ya mwendo mdogo, kipande cha mbao nyuma, nikaweka washa za mpira pande zote mbili na nati zenye plastiki ndani. Kaza mpaka mpira uanze kutuna, basi, usiendelee. Gundi ya kuzuia nati isifunguke usiipake hapa hata tone. Kemikali zake zinaila polikabonati, na baada ya siku chache utaona nyufa ndogo kama utando wa buibui zikizunguka kila tundu. Petroli inafanya vivyo hivyo, kwa hiyo kwenye kituo cha mafuta funika kioo au mwambie mhudumu asivute bomba juu yake.

Mikono yenyewe ilikuwa laini. Baada ya kama kilomita 200, zikiwemo za marramu, mmoja ulianza kuzunguka kwenye usukani na kioo kikalala upande. Kipande kimoja cha tyubu chini ya kibano kilitosha. Ukiweka viwili mpira unateleza wenyewe kwa wenyewe. Anayetaka kitu cha kudumu aende kwa mafundi wa vyuma wa Katwe atengenezewe mikono ya bapa la milimita 4. Nilitoa 25,000 kwa jozi na sijajuta.

Ukishafunga, washa injini, iache ingurume bila kuongeza mafuta, kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Injini ikipandisha mlio yenyewe, waya wa mafuta unavutwa na mkono wa kioo. Upitishe upya kabla ya kutoka uani. Angalia pia waya wa klachi na vioo vya pembeni.

Lipo jambo moja ambalo muuzaji hatalitaja. Kioo kilichofungwa kwenye usukani kinapeleka nguvu ya upepo kwenye usukani. Kukifunga kwenye taa hakubadilishi kitu kwa pikipiki hizi, maana taa nayo inageuka pamoja na foko. Mahali pa kuligundua ni Lwera, kile kinamasi kati ya Kayabwe na Lukaya, ambako hakuna mti wala ukuta wa kuvunja upepo wa Ziwa Victoria unaokuja kushoto ukitoka Kampala. Trela likija mbele yako, hewa yake inakusukuma nje kwanza, kisha inakuvuta ndani likishapita. Bila kioo mwili wako ndio unaobeba pigo hilo. Ukiwa na kioo, usukani unalipata kwanza. Kushika kwa nguvu kunazidisha. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, punguza hadi 60. Usukani ukianza kuchezacheza wenyewe kwenye barabara tulivu, hiyo si hali ya hewa. Kagua beringi za usukani na upepo wa matairi, na kama ni vizima, toa kioo. Baada ya kukatwa, kioo changu kinatikisa usukani kidogo sana kuliko kilipokuwa kizima, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nikikate.

Kilichobaki cha kelele si kazi ya kioo. Weka mkono chini ya kidevu ukiwa unaenda, uzibe nafasi ya shingo. Mvumo ukishuka, hewa inaingilia chini ya helmeti, na skafu nyembamba itakusaidia kuliko kioo chochote. Wenye helmeti zisizo na kidevu wasitegemee mengi. Na vizibo vya masikio vya sponji ni vya kuvaa hata kama kioo ni kizuri: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia sekunde 30 vitanuke. Ndani ya helmeti kwa mwendo wa barabara kuu kelele hupita desibeli 90. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja. Kampala hadi Masaka ni karibu kilomita 130. Piga hesabu mwenyewe. Honi na injini bado utazisikia. Kinachozibwa zaidi ni ule mvumo.

Kwenye mafuta sijaona faida. Kwenye mlima na upepo wa mbele, kioo kizima kilinilazimisha kurudisha gia mapema. Kilichokatwa hakina tofauti ninayoweza kuihisi.

Usafi: mwaga maji kwanza mpaka vumbi liondoke lenyewe, ndipo sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Kufuta kikavu ni kukipiga msasa. Dawa za kusafishia vioo vya madirisha zenye amonia ziache dukani.

Kwa wa boda, na wengi mtakaosoma ni wa boda: vipimo vyote hivi ni vya mtu mmoja. Abiria anakaa juu zaidi na nyuma zaidi, na msukosuko unaopita mabegani mwako unaweza kumwangukia yeye usoni, mara nyingi akiwa na helmeti ya kuazima isiyo na kioo. Mweke mtu unayemfahamu nyuma, mwende 60, umuulize anasikia nini. Wa kwangu alisema kioo kilipokuwa kizima alikuwa anajificha nyuma ya mgongo wangu, na kilipokatwa hakuona tofauti na kutokuwa nacho.